Mama Mafuta, fundi wa ndege za kivita zisizotoka chumbani

Saa tatu asubuhi imepita kidogo. Katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, mwanamke wa miaka arobaini na saba ameinamia meza ya mbao, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Mbele yake kuna kitu mfano wa wenzo wa gia ya lori, chenye vitufe vingi kuliko vidole vya mtu. Kushoto kwake, kwenye skrini ya kompyuta, ndege ya kivita imesimama mwanzoni mwa njia ya kurukia, injini inanguruma.

Anausukuma wenzo mbele taratibu, kama anayesogeza sufuria ya maji iliyojaa pomoni. Tarakimu zilizo pembeni mwa skrini zinapanda: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Ghafla, bila mkono wake kuongeza nguvu, zinaruka hadi sitini na tatu. Ndege inashtuka na kuchomoka.

"Umemwona mwizi?" anauliza bila kugeuka. "Amejificha hapo kwenye arobaini. Kila anayepita anavutwa shati."

Anachukua bisibisi, anafungua skrubu sita na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio uleule aliozitoa. Ndani ya wenzo kuna kifaa kidogo cha kuzunguka, ndugu wa kile kinachopandisha na kushusha sauti ya redio. Kimelika. Anakitoa, na mahali pake anaweka sumaku ndogo na kihisi kisichogusana nayo. "Visivyogusana haviliki," anasema. "Hata majirani ni hivyo hivyo."

Wenzo huo wenyewe huuita mkono wa mafuta. Kazi yake kwenye ndege ni ileile ya pedeli ya mafuta kwenye gari: ukisukuma mbele injini inapata nguvu, ukivuta nyuma inapoa. Wateja wake wanautumia kwenye mchezo wa kompyuta unaoigiza vita vya angani, mchezo ambao mtu hukaa nao miaka kabla hajajua kutua vizuri. Hawachezi kwa vitufe vya kuandikia. Wanataka fimbo mkono wa kulia, mafuta mkono wa kushoto, kama rubani kamili.

Jina la mitaani likaja lenyewe: Mama Mafuta. Limemletea wateja, na limemletea pia watu waliopanda ngazi na chupa tupu wakitaka lita moja ya kupikia.

"Mmoja alikasirika kweli," anasimulia. "Akaniambia, mama, kama umeishiwa si useme tu, kuliko kunionyesha michuma!"

Hakuanzia kwenye ndege. Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, mwanamke pekee kati ya mafundi tisa. Cherehani mia mbili na arobaini zilikuwa chini ya mikono yao. Yeye alipewa pedeli, kwa sababu wenzake walisema ni kazi ya kuinama na mwanamke amezoea kuinama. Aliinama, na akiwa huko chini akajifunza jambo ambalo wao hawakulijua.

"Kila mshonaji ana mguu wake," anasema. "Kuna wa kubembeleza, kuna wa kukanyaga kama anaua mende. Ukimpa wa kwanza pedeli ya wa pili, siku nzima atashona amekunja uso na hajui kwa nini. Mimi nilikuwa nawaangalia miguu kabla sijagusa mashine."

Kiwanda kilipofunga milango, alikaa miezi tisa akitengeneza pasi na cherehani za majumbani. Siku moja daktari wa meno alifuata cherehani ya mkewe, akamkuta amefumua pedeli na kuipanga upya. Akauliza kama anaweza kumletea kitu kinachofanana na hicho.

Daktari huyo alikuwa na wiki mbili akianguka mwisho wa njia ya kurukia. Kila akisukuma mkono mbele ili apae, injini inanyong'onyea. Alishaamini kwamba urubani si fungu lake. Fundi alipochomeka ule mkono kwenye kompyuta aligundua kuwa programu inasoma mambo kinyume: mbele inaiita nyuma, nyuma inaiita mbele. Tiba yake ilikuwa alama ya vema kwenye kisanduku kimoja.

"Nilimtoza nusu," anasema. "Nusu nyingine nilikuwa nimeshalipwa kwa kucheka."

Ndivyo kazi ilivyo, anaeleza: chuma na akili. Chuma ni kusafisha, kubadilisha, kukaza. Akili ni kuikalisha kompyuta chini na kuieleza mkono huu unaanzia wapi na unaishia wapi. Huku chini kuwe na nafasi kidogo isiyosomwa, ili injini isizimike mtu akivuta hadi mwisho. Kule mbele, mahali ambapo ndege ya kivita huwasha moto wa ziada nyuma ya injini, kuwe na kizuizi ambacho kidole kitakisikia, ili mtu asiuwashe bila kukusudia na kumaliza mafuta angani.

Kwa mwezi mzuri hupokea mikono kumi na minne, na kila mmoja humpa takriban mshahara wa siku tatu wa kiwandani. Upo mwezi wa mikono miwili. Mumewe, seremala mwenye karakana ya milango na madirisha nyuma ya jengo hilohilo, mwanzoni hakuielewa biashara hii.

"Nilidhani ameingia kamari," mume anasema, akipangusa unga wa mbao kwenye nyusi. "Watu wazima, wana wake zao, wanakuja kumweleza mke wangu wameangushwa na adui! Nikasema, haya, labda ni dini mpya."

Kazi inayosimuliwa hapa, hata hivyo, haikuletwa na mchezaji. Miezi saba iliyopita, mama mmoja mtu mzima alipanda ngazi akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya foronya.

"Shikamoo, mama," fundi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Mama Mafuta?"

"Ndiye. Ila ya kupikia yako ng'ambo ya barabara."

Mama yule hakucheka. Aliweka foronya mezani, akautoa mkono wa mafuta uliotunzwa vizuri, hauna hata vumbi. Fundi aliuchomeka, akausukuma, akauvuta. Tarakimu zilipanda na kushuka kama maji bombani.

"Huu hauna ubovu, mama."

"Najua. Mbovu ni mkono unaoushika."

Mumewe, akaeleza, alirusha ndege za kivita kwa miaka ishirini na miwili. Sasa ana miaka sabini na mmoja. Miaka minne iliyopita mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka, na madaktari wakaupa ugonjwa jina, wakampa na vidonge. Yeye na wenzake watatu waliorusha ndege pamoja ujanani walikuwa wamegundua mchezo huu, na kila Jumamosi saa kumi jioni walikutana humo, kila mmoja yuko kwake, mmoja hata bara jingine. Waliruka wanne, ubavu kwa ubavu, wakiitana kwa namba zao za zamani. Yeye alikuwa Namba Tatu.

Jumamosi moja mkono ulitetemeka akiwa karibu sana na Namba Mbili. Mafuta yakapanda ghafla, ndege ikaruka mbele na kukata ubawa wa mwenzake. Wote wawili wakaanguka. Namba Mbili alicheka na kusema waanze upya. Namba Tatu alivua vyombo vya masikioni, akachomoa nyaya zote, akaviingiza vitu vyote chini ya kitanda.

"Nilijua ni mchezo," rubani huyo anasema sasa, ameketi sebuleni kwake na shati lililonyooka kama karatasi. "Kichwa kilijua. Moyo haukuambiwa. Nilimwona rafiki yangu tuliyejuana miaka hamsini anaanguka, na aliyemwangusha ni mimi."

Hadi mkewe anapanda ngazi zile, wiki sita zilikuwa zimepita bila kupokea simu za wenzake. "Anakula, anasema asante, anakwenda kulala," mkewe alimwambia fundi siku ile. "Nimeishi na mtu wa kelele miaka arobaini na nne. Ukimya huu siuwezi."

Fundi alikubali, na anakiri alikubali kwa kujiamini kupita kiasi. Alidhani jibu liko kwenye akili ya kompyuta. Aliandika maelekezo ili programu ipuuze mitikisiko midogo na kufuata tu mwendo mkubwa wa mkono. Mezani kwake ilifanya kazi vizuri mno. Alitikisa mkono kwa makusudi, na ndege kwenye skrini ikaendelea na safari kana kwamba imebebwa kwenye trei.

Akaenda kwao kuufunga. Rubani alikubali kujaribu kwa heshima ya mkewe tu. Alikaa, akapaa, akazunguka mara moja. Dakika ya tatu akaondoa mkono.

"Binti yangu, hii ndege umeipa dawa ya usingizi."

"Imetulia, mzee. Haitetemeki tena."

"Haitetemeki kwa sababu hainisikilizi. Nikisukuma, inangoja kwanza ione kama nina hakika. Ukiwa ubavuni mwa mwenzako kwa mwendo ule, hakuna cha kungoja." Akasimama. "Umeifundisha mashine initunze kama mgonjwa. Chukua kilicho chako, na ahsante."

Mama Mafuta alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa ni mbali. "Aibu ilinishika," anasema. "Si kwa sababu alinifukuza. Ni kwa sababu alikuwa sahihi. Miaka yote hiyo kiwandani sikuwahi kugusa pedeli kabla sijamwangalia mtu mguu. Safari hii nilitengeneza mkono wa mtu ambaye mkono wake sijauona ukifanya kazi hata dakika moja."

Siku nne baadaye alirudi, bila vifaa, bila mkoba. Alimwomba rubani ruhusa ya kukaa asubuhi moja nyumbani kwao na kumwangalia tu.

"Kuniangalia nikifanya nini?"

"Chochote, mzee wangu. Hata ukisoma gazeti."

Rubani alicheka kwa mara ya kwanza, cheko fupi la puani. "Basi keti. Viti havina kodi."

Fundi alimwona akinywa chai: kikombe kililia dhidi ya kisahani hadi mkewe akakishika. Alimwona akisoma, mkono wa kushoto juu ya paja ukitetemeka peke yake, kama una shughuli zake. Alimwona akihangaika na vifungo vya shati. Kisha, yapata saa nne, mzee akafungua ubao wa kupigia pasi. Tangu jeshini hajamruhusu mtu mwingine kunyoosha mashati yake. Na kwa kuwa soketi ya umeme iko upande wa kushoto wa ubao, pasi huishika kwa mkono wa kushoto.

Fundi alisogeza kiti. Mkono ulioshindwa na kikombe ulikuwa unapita juu ya kola, unazunguka kifungo, unafuata mshono hadi mwisho, umetulia kabisa.

"Mama," alimnong'oneza mke wa rubani, "hii pasi ina uzito gani?"

"Ah, ni ile ya zamani ya chuma. Nimemwambia tununue nyepesi, hataki. Anasema nyepesi inamtoroka."

Hapo, anasema Mama Mafuta, ndipo alipoelewa. Mkono wa mzee ulitetemeka pale ulipokosa kazi, au ulipopewa kazi nyepesi. Ukipata kitu kizito cha kusukuma, unatulia. Yeye alikuwa amehangaika kuuficha mtetemo, wakati mkono wenyewe ulikuwa unaomba mzigo.

Alipima pasi: kilo moja na robo tatu. Kisha akapima nguvu inayotakiwa kusogeza mkono wa mafuta kama ulivyotoka dukani, kwa mizani ya kuning'iniza: gramu mia mbili. "Sawa na kusukuma kikombe cha chai," anasema. "Tulikuwa tunampa kikombe kilekile kilichomshinda."

Iliyofuata ilikuwa kazi ya mikono, wiki mbili nzima. Alifuta maelekezo yote aliyoiandikia kompyuta, hata moja hakulibakiza. Alikata ukanda wa ngozi, ule unaozungusha gurudumu la cherehani ya kukanyaga, akauzungushia kwenye mhimili wa mkono ili ubane kama breki. Jaribio la kwanza lilikwama na kulia kama mlango. La pili lilikaza mbele na kulegea nyuma. La tano likakubali: mzito mwanzo hadi mwisho, bila kukwaruza, bila kushtuka.

Mumewe alichonga mpini wa mbao, mpana, wa kushikwa kwa kiganja kizima badala ya vidole, pamoja na kibao cha kuegemeza kiwiko. Alichonga mipini mitatu kabla mkewe hajaridhika.

"Nikamwuliza, huyu mzee anarusha ndege au anapiga pasi?" mume anakumbuka. "Akaniambia, mume wangu, ni kitu kimoja."

Mara ya pili rubani aliuona, akavuta kiti. Aliweka kiganja juu ya mpini, akausukuma mbele, akaurudisha, akausukuma tena. Kwenye skrini tarakimu zilipanda moja moja. Aliruka dakika arobaini peke yake. Mkewe alijifanya ana kazi jikoni, lakini fundi anasema hakusikia hata sufuria moja ikigongana.

Jumamosi iliyofuata alimwomba fundi awepo. "Si kwa ajili yangu," alimwambia. "Kwa ajili ya ngozi yako, isije ikakatika."

Saa kumi jioni sauti tatu za wazee zilijaa sebuleni.

"Nani huyo wa nne?" ya kwanza ikauliza.

"Namba Tatu."

Kisha sauti ya Namba Mbili, yule aliyekatwa ubawa: "Umechelewa miezi mitatu. Njoo mahali pako."

Walipaa. Mzee alisogea taratibu hadi ubavuni mwa rafiki yake, karibu kiasi kwamba fundi aliona namba iliyochorwa kwenye mkia. Kiganja kilikwenda mbele upana wa ukucha, kikarudi nusu yake, kikaenda tena. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika egemeo la kiti kwa mikono miwili. Dakika ya kumi na nane ndege nne za adui zilitokea chini ya mawingu, kundi likavunjika, sauti zikapandana. Mzee hakuangusha hata moja. Mara mbili alifuatwa, mara mbili akapinda na kuponyoka. Namba Mbili alipoita msaada, aliyetokea nyuma ya adui wake na kumfukuza alikuwa Namba Tatu.

Walirudi wote wanne. Karibu na ardhi, mzee alipovuta mafuta hadi mwisho na mkono ukakosa cha kusukuma, mtetemo ulirudi. Ndege ilidunda mara mbili kabla ya kusimama.

"Namba Tatu," sauti ikasema, "umetua kama gunia la viazi."

"Lakini gunia limefika," akajibu.

Alivua vyombo vya masikioni. Hakumshukuru fundi wala kumtazama mkewe. Alifuta macho kwa mkono wa kulia, kisha akauliza kama kuna chai.

Mama Mafuta hana majivuno na habari hiyo. "Mimi sitibu," anasisitiza. "Vidonge vyake anakunywa, kliniki anakwenda. Nimempa kitu cha kusukuma tu." Lakini habari imesafiri kwa njia za wazee hao. Watu watano wenye mikono inayotetemeka wameshamwandikia, mmoja ni mwanamke aliyekuwa akirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Kwao wote alijibu kwa sharti moja: waje wenyewe, au wampokee kwao, akae nao asubuhi moja kabla hajagusa skrubu.

Mpango wake ni kutengeneza mikono kumi mizito ya mafuta kabla mwaka haujaisha, na tayari mumewe ameanza kukausha mbao za mipini. Umbo la mikono hiyo amelibadilisha. Ukanda wa ngozi sasa unakazwa kwa kitasa kidogo chenye matundu saba, ambacho mtu anaweza kukizungusha mwenyewe bila fundi wala bisibisi. Tundu la kwanza ni jepesi, la saba ni zito kuliko pasi ya chuma.

Wa kwanza kufungiwa kitasa hicho, miezi mitatu iliyopita, alikuwa rubani. Alikizungusha kikalia hadi mwisho, akakirudisha.

"Matundu saba yote haya ya nini?" aliuliza.

Fundi anasema alitamani kumdanganya. Ugonjwa ule hausimami kituoni kumsubiri mtu, na wote wawili walilijua hilo. "Ni ya siku za mbele, mzee wangu," alimjibu.

Rubani aliitikia kwa kichwa, akauliza leo wako la ngapi. La pili, akaambiwa. Akaandika tarehe kwa penseli kwenye mbao, kando ya tundu la pili, akamwomba asiifute.

Tangu hapo kitasa hakijasogezwa. Fundi hupita kwao kila mwisho wa mwezi, anapaka grisi kwenye tundu linalotumika, anapangusa mikono na kunywa chai.

"Nina ombi moja kwa Mungu," anasema. "Lile tundu la saba lipate kutu kwa kukosa mtu wa kulitumia."